Pipa la Mafunjo

Usijifanye hukuona. Ulipita Mkuyuni mwaka ule viwanja vilipogawiwa hadi ukingoni mwa kijito, kifusi kikamwagwa juu ya mafunjo, nawe ukageuza uso. "Ndiyo soko huria," ulisema, ukaenda zako.

Mwalimu Immaculata hakwenda zake. Alichomoa shina moja la mafunjo madogo, yale yenye kichwa kama mwavuli, akalipanda kwenye nusu pipa mbele ya ofisi ya shule. Mvua za vuli zikija, angeligawa na kulipanda ukingoni, nyuma ya darasa la kwanza, ambako kila masika kijito kilikuwa kinamega ardhi.

Kila asubuhi Selina wa darasa la sita alifika shuleni na ndoo kichwani.

"Maji yasimame juu ya tope kidole kizima," mwalimu alimwagiza. "Mafunjo si mahindi."

Lakini likizoni Selina alikwenda Bujora kwa bibi yake, naye bibi aliposikia habari za pipa alishangaa. "Mizizi ilale majini? Itaoza, mjukuu wangu! Pamba yetu ikituamiwa na maji, tunachimba mfereji haraka."

Bibi alikuwa mkulima hodari, na Selina alikuwa amechoka na ndoo. Aliporudi alichukua msumari na jiwe, akatoboa pipa chini. Maji yakatiririka.

Wiki ya pili majani yakawa manjano. Selina aliyaona. Angeweza kusema. Badala yake, Alhamisi asubuhi alikata mabua yote kwa kisu, akatupa vichwa kwenye shimo la taka.

"Nani kafanya hivi?" mwalimu aliuliza.

"Mbuzi wa Mzee Luhende, mwalimu."

Mzee Luhende alikuwa mlinzi wa shule. Mbuzi wake wawili aliwafunga nyuma ya stoo.

"Jamani, mbuzi wangu wana kamba," alisema taratibu. "Njooni muione."

Hakuna aliyekwenda kuiona. Neno la maskini lina uzito gani? Mwalimu mkuu hakuinama hata kutazama visiki.

"Mbuzi au kazi, mzee. Chagua."

Jioni hiyo hiyo mchinjaji aliwachukua mbuzi wote wawili.

Jumamosi, wanafunzi wakifagia uwanja, Kokulinda wa darasa la Selina alichuchumaa kando ya pipa, akacheka. "Selina, we! Mbuzi gani huyu anakata sawasawa namna hii? Ana kidole gumba? Anashika kisu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Selina alitupa ufagio, akakimbilia ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Ni mimi. Nilitoboa pipa, nikakata, nikasema uongo."

Mwalimu Immaculata aliinuka. "Vichwa uliviweka wapi?"

"Shimoni."

Walichakura taka kwa mikono. Vilikuwa ishirini, vingi vimekauka na kupondeka. Vitatu tu vilikuwa bado kijani. Mwalimu alipunguza ncha za majani yake, akavilaza kifudifudi ndani ya karai la maji, kichwa chini, bua juu.

"Haya mafunjo huota hata kichwani," alisema. "Ungeniambia siku ile ile, vyote ishirini vingeota."

Mwalimu Immaculata alimweleza mwalimu mkuu yote. Jumatatu, mistarini, mwalimu mkuu alimwomba Mzee Luhende radhi mbele ya shule nzima. Baada ya wiki mbili, vizizi vyeupe vilipochungulia, Selina alimletea mzee karai alione.

"Shikamoo, babu. Nisamehe."

"Marahaba, binti. Nimekusamehe." Akainama, akagusa maji. "Mizizi mizuri. Ila mbuzi haoti."

Selina alilia mpaka kwikwi ikamshika. Mwalimu Immaculata alimngoja anyamaze.

"Kukosea kwako pipa si dhambi," alimwambia. "Bibi yako alisema alichokijua. Lakini kosa likisemwa mapema hutibika, na likifichwa humtafuta asiyehusika likamwangukia. Kesho leta tope la kijito. Tutaziba tundu la pipa, tutavipanda vitatu hivi, tutaanza upya."

Walivipanda. Vitatu tu, kwa ukingo mrefu vile.

Nawe unayesoma, yupo mtu anayebeba kosa lako leo, na unamjua kwa jina. Funga kitabu. Nenda kwake sasa hivi, ukaseme.