Antena ya Eksterveld Inasikiliza

Pikipiki ya Kessel ilivuka daraja la mfereji wakati taa nyekundu zikianza kuwaka.

Wolter Hadders akakanyaga mafuta. Volvo ikanguruma.

Kizuizi kikashuka mbele yake. Daraja likaanza kuinuka taratibu kupisha boti ya wazee wawili waliokuwa wakinywa kahawa. Akafunga breki. Ng'ambo, ile pikipiki nyeusi ilisimama. Kessel alitoa simu, akaandika kitu, kisha akatimka kuelekea mpaka wa Ujerumani.

Mmoja wa wale wazee alimpungia Wolter mkono.

Redio ikakoroma. Alikuwa Tjitske, mkuu wake.

"Tumenasa ujumbe wake. Ameandika: wamenigundua, chukua mzigo, kimbia."

"Umeenda kwa nani?"

"Unajua ni nani. Marchien Ottens. Pole, Wolter."

Alijua tangu asubuhi. Mzigo wenyewe ulikuwa kikuza mawimbi, kidogo kama kiberiti, kilichotengenezwa ili antena ya Eksterveld isikie sauti hafifu za mbingu. Kikifika kwa mabwana waliomtuma Kessel kukinunua, hakuna rubani wa kivita ambaye angeweza tena kujificha angani. Na aliyekichomoa ghalani ni Marchien, mtafiti wa nyota, mwanamke aliyewahi kuwa mke wa Wolter.

"Muda si mrefu Marchien atakuwa amevuka mpaka," alisema Tjitske.

"Hajausoma."

"Unajuaje?"

"Leo antena inasikiliza. Simu yake imezimwa."

"Mwizi wa siri za nchi azime simu huku anamsubiri mnunuzi? Acha mzaha."

"Wewe humjui. Polisi wakae mbali na lango. Hakuna redio, hakuna simu, mpaka nitakapotoka."

Akazunguka kwa daraja jingine.

Pale Eksterveld, masikioni mwa antena, simu moja mfukoni ilipiga kelele kuliko galaksi nzima. Watu walizima simu langoni kama wengine wanavyofuta viatu mlangoni. Magari ya petroli yalibaki nje, maana cheche za plagi zake zilichafua usikivu. Wolter aliifahamu desturi hiyo kwa uchungu. Baba yake alipokuwa akikata roho hospitalini Assen, yeye alisimama kwenye korido akimpigia Marchien, akimpigia tena. Simu imezimwa. Marchien alikuwa akisikiliza mkondo wa gesi unaofyatuka kutoka kwenye shimo jeusi. Ndoa yao haikupona baada ya siku hiyo.

Sasa alikuwa akiomba jambo ambalo jasusi hapaswi kuomba. Kwamba safari hii Marchien aliiacha simu wazi. Kwamba ameusoma ujumbe.

Kwamba amekimbia.

Langoni, mlinzi Bareld alimpokea kwa kicheko.

"Shemeji! Bado na hilo dude la petroli? Liache hapo, chukua baiskeli. Simu, redio, weka mezani." Akaona bastola chini ya koti. "Hiyo pita nayo. Haina mawimbi."

"Marchien yupo?"

"Tangu alfajiri. Hata kifungua kinywa hajagusa."

Basi hakukimbia.

Alimkuta kwenye kibanda chini ya ile sahani kubwa ya chuma, macho kwenye skrini. Kando yake kulikuwa na chupa ya chai ambayo haikuwa na chai.

"Nilimtarajia mtu mwingine," alisema Marchien.

"Hatakuja."

Marchien aliitazama bastola mkononi mwa Wolter, kisha akaisukuma ile chupa mezani. Wolter aliifungua. Kikuza kilikuwa ndani, kimeviringishwa kwenye soksi ya sufu.

Hakuuliza kwa nini. Marchien alimweleza hata hivyo, bila kulia. Antena ingefungwa majira ya joto, haina tena mfadhili. Kessel alimwahidi nyingine, jangwani, mahali pasipo na kelele. Mkondo wake ule ulikimbia karibu na kasi ya nuru, lakini kwa umbali wake ulionekana kusogea chini ya upana wa unywele kwa mwaka. Ukiacha kuutazama, umeupoteza.

"Watu wanadhani shimo jeusi linameza tu," alisema. "Mimi nilipenda kile kinachoponyoka."

"Na marubani?"

"Niliambiwa ni kwa ajili ya nyota."

"Uliamini?"

"Nilitaka kuamini. Wewe hujawahi?"

Wolter alitazama dirishani. Kondoo walikuwa wakila nyasi chini ya antena.

"Kessel alikuandikia ukimbie," alisema.

Marchien akatoa simu yake. Kioo cheusi, kimya. Aliishika kwa mikono miwili, akaelewa taratibu.

"Ulijua nimeizima."

"Nilijua."

"Ndiyo maana wamekutuma wewe." Akaiweka simu mezani. "Siku ile ya baba yako, Wolter. Sikuwahi kukuambia..."

"Leo usiniambie."

Akarudisha bastola kwenye ala.

"Bado kidogo imalize kusikiliza," alinong'ona Marchien. "Ukiita watu sasa, kazi ya leo yote imeharibika."

Wolter alivuta kiti, akaketi karibu naye. Mabega yao yaligusana. Walitazama mstari mwembamba ukitetemeka kwenye skrini mpaka kengele ndogo ikalia na chuma kikubwa juu yao kikaanza kugeuka.

Marchien akanyoosha mikono.

Pingu zilikuwa baridi. Wolter alizipasha moto kwanza kiganjani.

Nje ya lango, polisi walimwingiza garini. Kabla mlango haujafungwa, Marchien aliinama kumwelekea Wolter.

"Diski za leo. Zinatakiwa Bonn, ziunganishwe na za antena nyingine. Bila hizo hakuna picha ya mkondo."

Gari likaondoka.

Wolter alimkabidhi ofisa wa idara chupa yenye kikuza, akatia sahihi, akarudi kibandani kwa baiskeli. Alitoka amekumbatia sanduku zito la diski. Akalifunga mkanda kwenye kiti cha mbele cha Volvo.

Redio ikakoroma.

"Kazi safi," alisema Tjitske. "Kessel amekamatwa mpakani. Njoo utoe ripoti."

"Kesho. Kuna mzigo wa mke wangu naupeleka Bonn."

"Mtalaka wako, Wolter."

Lakini Wolter alikuwa ameshavaa miwani ya jua na kuingiza gia.