Maneno Ambayo Hayakuwa Gazetini

Yudith alipotoka shule hakuwa na nafasi ya kucheza. Alikata majani ya ng'ombe kandokando ya mfereji, akachota maji, kisha akambeba mdogo wake Mbonea ili mama yao, Rahabu, apate kwenda kwenye darasa la kisomo pamoja na akina mama wenzake. Lakini siku ambayo lori la ushirika lilipanda kutoka mjini Same, kazi zote hizo alizifanya mbiombio. Lori lilileta chumvi, sabuni, mafuta ya taa na gazeti, na msomaji wa gazeti katika kijiji cha Kighunda alikuwa yeye.

Ilikuwa mwaka 1973. Kighunda kipo juu milimani, mahali ambapo asubuhi ukungu hufunika migomba hata jirani asimwone jirani. Redio ya kijiji ilikuwa moja tu, na watu waliizunguka kwa vikundi kusikiliza mafunzo ya kuchimba vyoo na kuchemsha maji ya kunywa. Gazeti lilikuwa la Yudith. Watu wazima wengi ndio kwanza walikuwa wanajifunza kusoma, naye alikuwa darasa la sita, tena mwenye sauti inayosikika mbali. Alisimama kwenye ngazi ya duka la ushirika, akasoma habari moja baada ya nyingine, na watu wakabishana juu ya bei ya kahawa, mpira na mambo ya nchi za mbali. Walibishana wao kwa wao, lakini gazeti lenyewe hawakulibishia. Likishasema, limesema.

Siku hiyo Yudith alifungua ukurasa wa ndani, akaona jina la kijiji chao. Alifurahi. Kisha macho yake yakashuka mistari michache, akalishusha gazeti.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza baba yake, Eliezeri, aliyekaa juu ya gunia la chumvi. "Soma, mwanangu."

Yudith alisoma. "Wazazi wazembe wahatarisha watoto milimani. Mwandishi wetu alitembelea kijiji cha Kighunda, wilaya ya Pare, akakuta watu wamelala wakati taifa linakimbia. Mama mmoja, Rahabu Eliezeri, alimfungia ndani mtoto wake mwenye surua, akamnywesha mizizi, akakataa kumpeleka zahanati, ingawa zahanati haiko mbali na nyumba yake."

Watu wote wakageuka kumtazama Eliezeri.

"Uwongo huo!" Eliezeri aliruka kutoka kwenye gunia. "Nani kasema?"

"Si gazeti limesema?" alijibu Honorata, jirani yao. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Maskini Rahabu. Kumbe alikuwa anamnywesha mizizi!"

Neno hilo lilimchoma Yudith kuliko gazeti lenyewe. Alikumbuka vizuri surua ya Mbonea. Mama alimfunga mtoto mgongoni akaenda zahanati, akakuta kufuli mlangoni. Kesho yake akarudi tena, kufuli lile lile. Ndipo aliposhuka mlima kwa miguu mpaka hospitali ya Same, Yudith akimfuata nyuma na kifurushi cha nguo, mtoto anapumua kwa shida na macho yametunga usaha. Mbonea alipona. Miezi ikapita, kisha akaja mwandishi mmoja ndani ya Landrova, akasimama mbele ya duka, akaongea na watu wawili watatu kupitia dirisha la gari, akaondoka. Nyumbani kwao hakufika. Na leo hata Honorata, aliyewaona wakishuka mlima, alikuwa tayari kuliamini gazeti na kuyakataa macho yake mwenyewe.

Hasira ilimpanda Yudith. Akainua gazeti usoni tena.

"Habari haijaisha," alisema. "Inaendelea hivi: Mwandishi wetu aligundua pia kwamba mganga wa zahanati hiyo, Method, huifunga zahanati kwa siku nyingi na kwenda Same kuuza dawa za wananchi."

Maneno hayo hayakuwepo. Aliyatunga pale pale, na yakatoka kwa sauti ile ile ya kusoma, bila kukwama hata kidogo.

Watu wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja.

"Anauza dawa zetu!"

"Mtu wa kuja yule! Ametoka huko kwao Songea kuja kutumalizia watoto!"

"Twendeni!" alifoka Eliezeri. Alinyakua mpini wa jembe, akatangulia, na kundi zima likamfuata kuelekea zahanati.

Yudith alikimbia nyuma yao, Mbonea mgongoni. Alitaka kusema kitu, lakini hakuna aliyekuwa anamtazama. Alipofika, mlango wa zahanati ulikuwa umekwisha kung'oka upande mmoja, na baba yake ndiye aliyekuwa anaupiga. Method alitoka nje na bandeji mkononi, maana alikuwa anafunga kidonda cha mgonjwa.

"Ndugu zangu, kuna nini? Nimefanya nini?"

Jiwe likatoka katikati ya watu, likampasua juu ya jicho. Wengine waliingia ndani, wakatoa maboksi na kuyamwaga uwanjani. Chupa zilivunjika. Vidonge vyeupe vilitawanyika kwenye tope, na watu wakavikanyaga huku wakipiga kelele kwamba ni dawa zao. Yule mgonjwa, bibi mmoja mzee, alijikokota nje akilia, bandeji inaburuzika nyuma ya mguu wake.

Mzee Tumainieli, mwenyekiti wa kijiji, alikuja akawatawanya kwa ukali. Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika.

Rahabu alikuta habari hizo njiani akitoka kisomoni. Alipofika nyumbani hakuuliza mengi.

"Nipe hilo gazeti."

"Nikusomee, mama?"

"Nimesema nipe."

Alikaa kizingitini, mahali penye mwanga, akaweka kidole kwenye karatasi. Alisoma polepole, silabi kwa silabi, midomo ikicheza. "Ra-ha-bu. Ni mimi huyu," alisema. Machozi yakamlengalenga, lakini hayakuwa ya huzuni. "Nimehangaika na kisomo mwaka mzima ili niweze kusoma jina langu, na mara ya kwanza nalikuta gazetini, ndiyo nalikuta hivi."

Aliendelea mpaka mwisho wa habari. Akarudia. Kisha akageuza ukurasa, akatazama na upande wa pili.

"Method yuko wapi hapa?"

Yudith aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza wewe. Nimesoma yote. Habari ya kuuza dawa iko wapi?"

"Haipo, mama."

"Haipo. Ilitoka wapi, basi?"

"Niliiongeza." Yudith alianza kulia. "Walikuwa wanakusema vibaya, mama! Walisema ulimpa Mbonea mizizi! Na ni kweli zahanati ilifungwa, tuliikuta na kufuli!"

"Kufuli uliliona. Kuuza dawa uliona?"

"Hapana."

Eliezeri aliingia wakati huo, bado anahema, bado ana mpini mkononi. Rahabu alimweleza. Uso wake ulibadilika, akamwinulia Yudith mkono.

"Usimpige!" Rahabu alisimama katikati yao. "Ukimpiga utajiona umemaliza. Hujamaliza. Wewe ndiye uliyevunja mlango, na hukuuliza hata swali moja. Na wewe, Yudith, nisikilize. Mwandishi yule amenisingizia, nami ningekuwa na mabawa ningemfuata huko aliko. Halafu wewe, mtoto wangu mwenyewe, umemfanyia mwenzio kitu kile kile. Kesho asubuhi tunakwenda kwake sote watatu."

Asubuhi walimkuta Method anafunga sanduku lake kwa kamba. Jicho moja lilikuwa limevimba.

"Shikamoo, Bwana Mganga," alisema Yudith.

Method hakuitikia. Yudith alimweleza yote, akiinamisha kichwa, na alipomaliza akaomba radhi.

"Sitaki radhi ya mtoto," alisema Method. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ilikata. "Wako wapi watu wazima? Nimekaa hapa miaka, nimezalisha wake zao, na imetosha sauti ya mtoto mmoja kunifanya mwizi! Siku zile za surua mnajua nilikuwa wapi? Mvua ilikata barabara, lori la dawa likakwama kule tambarare. Nilishuka nikapanda na maboksi kichwani. Zilizobaki za dawa hizo ndizo mlizozikanyaga jana."

Eliezeri alitazama chini. "Ndugu yangu, mlango niliupiga mimi. Nitautengeneza mimi."

"Lakini na mimi nina langu," alisema Rahabu. "Nilifika hapa mara mbili na mtoto anawaka moto. Hukumwachia mtu ufunguo wala kumwambia mtu uko wapi. Hilo lilinikasirisha, na bado linanikasirisha."

Method aliiacha kamba. Kisha akakaa juu ya sanduku lake. "Hilo ni kweli," alisema. "Ningeambiwa hilo, ningejibu. Hata gazeti lingeliandika hilo, nisingekuwa na la kusema."

Mchana Mzee Tumainieli aliitisha mkutano. Yudith alisimama kwenye ngazi ile ile ya duka, safari hii mikono mitupu. "Maneno ya kumhusu Bwana Mganga hayakuwa gazetini," alisema. "Niliyatunga mimi."

"Mwongo mkubwa wewe!" alipiga kelele Honorata. "Umetufanya wajinga!"

"Tulijifanya wenyewe," Mzee Tumainieli alimkata. "Tangu lini tukaambiwa jambo la jirani yetu, tukachukua mawe kabla ya kumuuliza? Rahabu tulimwona anashuka na mtoto mgongoni. Tuliyaacha tuliyoyaona, tukashika tuliyosomewa. Sitaki kusikia mtu anamlaumu mtoto peke yake."

Mlango ulitengenezwa, na waliovunja ndio waliotengeneza. Wakashuka pia kufuata dawa nyingine. Yudith alikatazwa kusoma gazeti mbele ya watu, na kila baada ya shule alikwenda kufagia zahanati na kuchemsha vyombo. Siku za mwanzo Method hakusema naye zaidi ya kumwelekeza kazi. Hata hivyo alilifungua sanduku lake, akarudisha nguo ukutani.

Lililobaki ni gazeti. Rahabu hakuwa tayari kuliacha. Jioni moja alimwita Method na mwenyekiti nyumbani kwake, akapika makande, akampa Yudith kalamu na karatasi.

"Andika kwamba mwandishi alikuwa amelewa," alisema Eliezeri.

"Ulimwona anakunywa?" Rahabu aliuliza.

"Hapana, lakini..."

"Basi lisiandikwe. Andika tunayoyajua. Hakushuka kwenye gari. Hakufika nyumbani kwangu. Hakuniuliza mimi wala mganga. Mtoto nilimpeleka zahanati nikakuta imefungwa, nikampeleka Same. Kama hawaamini, wakaulize hospitali."

"Andika pia kwa nini ilifungwa," alisema Method. "Na kwamba nilipaswa kuacha taarifa."

Wiki nyingi zilipita kabla gazeti halijajibu. Barua ilichapishwa kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, imekatwa, na chini yake mhariri aliandika kwa maneno machache kwamba gazeti linamwomba radhi Bibi Rahabu. Safari hii Rahabu mwenyewe ndiye aliyesimama dukani kuisoma. Alisoma polepole, akikwama hapa na pale, na hakuna aliyemharakisha. Honorata alimsogelea, akamshika mkono.

Njiani kurudi nyumbani Eliezeri alikuwa ananung'unika. "Kututukana wametumia nusu ukurasa. Kutuomba radhi, mistari miwili!"

"Na mimi imeniudhi," alisema Rahabu. Akamgeukia Yudith. "Usidhani hasira yangu imekwisha. Mtu akikudhulumu, kasirika, dai haki yako, andika, sema mbele za watu. Sikukatazi. Ila useme lililotokea, usiongeze hata neno moja la kutunga, maana watu wakikuamini, neno lako linaweza kumtoa mtu damu. Na ukiambiwa jambo la mtu mwingine, hata kama limechapishwa, kwanza nenda kamuulize mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, shika mtoto. Ng'ombe hajapata majani."

Yudith alimpokea Mbonea mgongoni, wakaendelea kupanda.