Sindano ya Upande wa Kulia

Likizo ilipofika, Chiriku alishinda kwenye kibanda cha babu yake, dobi, akikunja mashati. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake, ambao haukuwahi kwenda likizo.

"Fungua dirisha," alisema babu. Akafungua.

"Funga, baridi." Akafunga.

"Nani kafunga dirisha?"

"Babu, tuling'oe kabisa tupumzike."

Babu alijifuta jasho, akailaumu pasi ya mkaa. Maskini pasi, hata haijawashwa. Ukweli ni kwamba babu alikuwa na saratani ya tezi dume, nayo ilishafika kwenye mifupa. Kabla ya matibabu, hakuweza hata kujigeuza kitandani bila kulia. Sindano za homoni ndizo zilizomrudisha kwenye meza ya pasi, na hizohizo ndizo zilizomletea joto la ghafla. Wateja walimtania, naye alishachoka.

"Leo siendi kuchomwa," alisema. "Mgongo hauumi, sindano ya nini? Bibi yako akiuliza, tumekwenda."

"Niseme mimi?"

"Wewe. Siku zote maneno unayo."

Mchana walirudi nyumbani kula.

"Mmechomwa?" aliuliza bibi.

"Tumechomwa," alijibu babu.

Chiriku alijaza chakula mdomoni. Bibi alimwangalia, akamwangalia mumewe, kisha akambonyeza tumboni, pale anapochomwa sindano, upande wa kushoto.

"Aah, taratibu, mama. Panauma."

"Safari iliyopita ulichomwa kushoto. Leo ilikuwa zamu ya kulia."

"Nesi kabadilisha. Muulize mjukuu wako."

Babu akakohoa. Chiriku alimpenda babu yake kuliko chochote, lakini alikumbuka kile kilio cha kitandani.

"Hatukwenda, bibi," alisema. "Tulikaa kibandani tukigombana na dirisha."

"Msaliti," alinong'ona babu.

"Msaliti ni wewe, unayeusaliti mwili wako," alisema bibi. "Kisa joto? Hedhi yangu ilipokoma, joto hilohilo lilinitesa miaka. Wewe ulifanya nini?"

"Nilikupepea."

"Ulicheka kwanza. Vaa viatu, kliniki haijafungwa."

Huko kliniki, muuguzi alisikiliza mashtaka yote, akashusha pumzi.

"Mzee wangu, saratani hii hulishwa na homoni ya kiume. Sindano inauzuia mwili kuitengeneza. Hujapona, ugonjwa umelala na njaa. Ukiacha sindano, unaupelekea sahani. Na hilo joto, mbona hukutuambia? Daktari ana njia za kulipunguza."

"Nilidhani nitachekwa."

"Umeshachekwa tayari," alisema bibi.

Babu akachomwa, upande wa kulia.

Njiani Chiriku aliburuta miguu. "Babu amenikasirikia."

"Atapoa," alisema bibi. "Mjukuu wangu, kumfichia mgonjwa uongo wake si kumpenda. Ni kuusaidia ugonjwa. Anayekupenda husema kweli, hata ukimnunia."

Kesho yake mteja alimkuta babu akitiririka jasho.

"Dobi, leo pasi imekukamata kweli."

Chiriku alisubiri uongo wa kila siku.

"Si pasi," alisema babu. "Ni dawa yangu ya saratani. Nikiiacha, shati hili utalinyoosha mwenyewe." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Chiriku, fungua dirisha."

Lilikuwa limeshafunguliwa.