Kuni Zilizokataliwa na Boila

Tangu asubuhi Chepkurui alikuwa akiingia na kutoka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Maji ya chai yalikuwa hayajachemka. Mtoto wake, Chelimo, alikuwa anakohoa mgongoni. Nje, ile mvua ya El Nino ilizidi kunyesha, na ukungu wa vilima vya Mogogosiek ulikuwa umefika mpaka mlangoni.

Ni baridi inamuumiza, Chepkurui akajiambia. Akafunga dirisha. Akaongeza kuni. Kuni zikatoa povu kwenye ncha, zikafuka moshi. Akachukua nailoni iliyotoka ndani ya gunia la mbolea, akaitia motoni ili uwake. Moto ukaruka. Moshi mweusi ukafuata.

Chelimo akakohoa mpaka akakosa pumzi. Chepkurui akatoka naye mbio.

Mlangoni akakutana na jirani yao, Omwenga. Yeye kazi yake ilikuwa kuweka kuni kwenye boila, lile tangi la chuma la kuchemshia maji ya mvuke katika kiwanda cha chai. Alikuwa ametoka shifti, amekuja kuchukua maziwa. Akanusa ile harufu. Kisha akaona kuni zilizorundikwa ukutani. Akazijua. Ni mikaratusi ambayo Kipkemoi, mume wa Chepkurui, alikata juzi na kuipeleka kiwandani siku hiyo hiyo kwa trekta. Kiwanda kikairudisha.

"Mama Chelimo, hizi si ndizo tulikataa juzi?"

"Ndizo. Tungezitupa?"

"Boila ni chuma, na ilizikataa. Sasa kifua cha mtoto ndicho kitazikubali?"

Omwenga akamwambia mambo ya kuni yangoje, mtoto apelekwe dispensari kwanza. Chepkurui akaenda naye mbio kwenye matope. Nesi akasikiliza kifua cha mtoto, akampa dawa. Akasema kama moshi wa nyumbani hautakoma, ugonjwa utarudi.

Jioni Omwenga alikuja tena. Kipkemoi alikuwa bado na kinyongo cha kurudishiwa kuni.

"Nyinyi Wakisii mnachagua kuni kama mtu anachagua bibi," akasema.

"Bibi ulichagua vizuri," Omwenga akajibu. "Ni kuni ulikosea."

Hata Chepkurui akacheka kidogo, ingawa jicho lake halikutoka kwa mtoto.

Ndipo Omwenga akawaeleza. Mti uliokatwa leo umejaa maji. Moto unahangaika kwanza kukausha yale maji, na nguvu inayobaki ni kidogo. Boila inakula kuni nyingi, mvuke hautoshi, majani chai hayakauki vizuri, na moshi unamwagikia mashamba ya watu. Siku hizi kiwandani kuni zinapasuliwa, zinapangwa chini ya mabati, na upepo unapita katikati mpaka zikauke. Kabla ya kuingia motoni zinachambuliwa. Kamba, magunia na nailoni vinawekwa kando.

"Nailoni ikiungua inatoa sumu," akasema. "Hata kwa boila haiingii."

"Na mimi nilikuwa nawashia moto," Chepkurui akasema polepole.

"Hukujua, mama. Sasa unajua."

Kesho yake Kipkemoi alipasua magogo yote. Akayapanga juu ya mawe, mbali na matope. Chepkurui akatandaza nailoni za mbolea juu yake kuzuia mvua, pande akaziacha wazi. Maganda ya viazi hakuyatupa tena motoni, akampa ng'ombe; jivu akapeleka shambani. Kuni zilipokuwa zikikauka, alipikia magunzi ya mahindi yaliyokuwa darini, dirisha likiwa wazi. Lakini hakutulia. Kila mara aliweka sikio kwenye kifua cha mtoto.

Mvua ikaisha. Kuni zikakauka mpaka zikapasuka kwenye ncha. Kipkemoi alipeleka kiwandani zile zilizozidi, zikapokelewa bila neno. Nyumbani, vipande vichache vilitosha kuivisha ugali.

Asubuhi moja Chepkurui alikuwa anachuma majani chai karibu na nyumba. Akasikia Chelimo akilia kwa nguvu, kilio kirefu cha njaa, bila kukatwa na kikohozi hata kimoja. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kumnyonyesha.