Vidonge vya Siku za Bwana

Sikieni, wamama wenzangu wa Kadutu, na nyinyi wasichana munaopita mukijifanya hamusikii. Nataka kumsifu Rosalie, na nikimsifu itabidi nijiseme mwenyewe.

Jumapili moja kisha misa tulikuwa uani, jua zuri, sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, zimeanikwa. Mimi Christine nilikuwa na mjukuu wangu Bienfait mgongoni, mtoto wa binti yangu Charlène. Jirani yangu Rosalie alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa miezi kumi huku anaimba. Simu ikalia: bwana yake Zagabe, anayechimba dhahabu Kamituga, atafika Jumanne. Mwanamke mwingine angerukaruka. Rosalie aliacha kuimba, akajishika chini ya tumbo, pale walipompasua siku ya kuzaa.

"Maman Christine, niko naogopa. Munganga wa hospitali alisema nisibebe mimba mbele ya miaka mbili, kovu inaweza kupasuka. Nani atabakia na huyu mutoto?"

Mimi nikacheka. Eeh, nikacheka kabisa! Nikaingia nyumbani, nikamletea plaketi ya vidonge vya kuzuia mimba niliyonunua barabarani.

"Unakula tu siku bwana iko. Akirudi mu mugodi, unapumuzisha tumbo. Bibi za wachimbaji wote wanafanya vile."

Zagabe alikaa siku nane. Rosalie akameza vidonge nane. Bwana akarudi Kamituga, vidonge vikarudi kabatini.

Wiki tano zikapita, damu ya mwezi haikuonekana. Rosalie akanijia asubuhi na mapema, macho yamevimba. Ningekuwa mimi, ningetukana. Yeye alisema tu, "Leo unanisindikiza kwa centre de santé." Nikatafuta visingizio: sambaza zitaibiwa, mjukuu anakohoa. Akanishika mkono, tukaenda.

Muuguzi wa kituo hicho cha afya, Maman Godelive, alimpima. Tulingoja kwenye benchi, mimi naomba rozari kwa hofu. Hatimaye akatoka. "Hakuna mimba. Damu inaweza kuchelewa tu kwa sababu unanyonyesha." Rosalie aliketi palepale sakafuni akalia.

Godelive akachukua ile plaketi. "Hii unakula kila siku, saa ileile, bwana akuwe hapa ao akuwe Kamituga. Ukikula siku nane unaacha, hauna kinga. Umepona kwa bahati tu. Nani alikufundisha?"

Rosalie akainamisha kichwa. Hakunitaja! Aibu ikanipanda mpaka masikioni.

"Ni miye," nikasema.

Godelive akamtajia Rosalie njia zingine: sindano, na kijiti kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Mnadhani alichukua ya kwanza akakimbia? Hapana. Rosalie aliuliza maswali mpaka Godelive akavuta kiti. Sindano inakaa muda gani? Kijiti kinafungia mtu kizazi? Damu ikivurugika, nirudi lini? Akajibiwa yote. Akachagua kijiti cha mkononi, maana wakati wa kulima hukaa shambani Nyantende wiki nzima na kidonge angekisahau. Kisha akampigia Zagabe, simu akaiweka sauti wazi sote tusikie.

"Papa Zagabe, sitaki kukuficha. Nataka mutoto wetu akuwe na mama."

Zagabe akauliza, "Na siku tutataka mwingine?"

"Wanakitoa siku yoyote."

"Basi weka. Kovu iko kwako, haiko kwangu."

Akawekewa kijiti. Jamani, nilimpenda msichana huyu kama nimemzaa!

Lakini njiani nikamkumbuka binti yangu. Charlène naye nilimpa vidonge kama vile, na maneno yaleyale: kula tu siku mchumba wako anafika toka Luvungi. Alipobeba mimba ya Bienfait nilimwita mzembe mbele ya familia yote, na chuo akaacha. Nilifika nyumbani nikamkuta anafua, nikamweleza kila kitu. Alifua kidogo tena, halafu akasema polepole, "Maman, nilikula vile ulinifundisha. Sikusahau hata siku moja."

Nikapiga magoti kwenye maji ya sabuni, nikamwomba msamaha.

FUNZO

Wasichana, igeni Rosalie. Njia ya kupanga uzazi mwulize anayeijua, mwulize tena mpaka uelewe, kisha uchague inayofaa mwili wako na maisha yako, na bwana aambiwe ukweli. Kidonge ni cha kila siku. Na kinga hizi hazizuii magonjwa ya zinaa. Kondomu ndiyo inayosaidia hapo. Wamama, tusilolijua tuseme hatulijui, maana watoto wetu wanatuamini.

Jumatatu Charlène anaenda kwa Godelive. Ataingia mwenyewe na kuuliza mwenyewe. Mimi nitangoja kwenye benchi, Bienfait mgongoni, mdomo nimefunga.