Kiuno cha Inchi Ishirini na Nane

Mizani ilisema kilo sabini na nane na nusu, na Sista akaandika sabini na nane na nusu bila kuinua macho. Jumanne iliyopita ilikuwa hivyohivyo. Na ile ya kabla yake. Ajabu ni kwamba mzazi aliyesimama juu ya mizani alikuwa amekwisha: gauni linamning'inia, mashavu yameingia ndani, mifupa ya mabega imetokeza. Sista hakuona. Alikuwa na foleni ya wazazi kumi na wanne na macho yake yalikuwa kwenye namba. Baadaye alijilaumu sana, na mimi simtetei.

Lilikuwa darasa la kila Jumanne asubuhi katika kliniki ya uzazi, kwa wanawake waliojifungua wanaotaka mwili upungue taratibu. Sista aliliendesha vizuri, tuseme ukweli. Aliwafundisha kula wakashiba, kutembea nusu saa, kunyonyesha bila kuruka, na kulala pale mtoto anapolala. Aliwaambia mwili uliojengwa miezi tisa usidaiwe urudi kwa wiki tisa. Siku moja aliuliza nani bado anavaa magauni ya mimba, mikono yote ikapanda, chumba kizima kikacheka.

Huyu mmoja hakucheka. Mume wake alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa, anayejua kiuno cha kila mwanamke mtaani. Alimpima mkewe walipooana: inchi ishirini na nane. Basi tangu mtoto afikishe wiki mbili, kila asubuhi kabla ya kwenda dukani, alimsimamisha mkewe mlangoni, akamwinulia blauzi, akamzungushia futi kiunoni, akasoma, akasonya. Wiki mbili! Mtu hajapona mshono, anapimwa kama pazia. Kisha anasema maneno yaleyale: "Namtaka yule wa ishirini na nane. Popote alipo, aje." Aliyasema kila asubuhi kwa siku arobaini, na moyoni alidhani anatania.

Mtu mzima na akili zake timamu, anasimama mlangoni kwake anaita asichokijua. Ningekuwa karibu ningemnyang'anya ile futi nimchape nayo.

Alichokiita kikaja. Kilianza na kiti. Mzazi akikaa, kiti kinalia. Ametulia kabisa, kiti kinalia tena. Halafu ikaja harufu, nyuma ya shingo yake, pumzi chungu kama ya mtu aliyeshinda na njaa siku nyingi. Alikuwa anakula, tena vizuri kama Sista alivyomwelekeza, lakini akimaliza sahani ana njaa kuliko alivyoanza. Na kiuno kikaanza kukimbia, inchi mbili kwa wiki. Fundi akafurahi, akawasimulia wateja. Majirani nao hawakujua kunyamaza: umependeza, mama, siri ni nini, tuambie na sisi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama anaumwa.

Maziwa yakapungua. Mtoto alikuwa anashika ziwa, anaachia, analia, halafu ananyamaza ghafla na kukodolea macho juu ya bega la mama yake. Mzazi alimweleza mumewe yote hayo. Alijibiwa kwamba ni uchovu, na kwamba zimebaki inchi tatu tu.

Jumanne ya nne Sista alimpima mtoto kwanza. Mtoto alikuwa amepungua, na mtoto wa miezi miwili hapungui hivihivi. Ndipo Sista alipoinua uso akamtazama mama yake, akamtazama hasa, na kalamu ikamtoka mkononi. Alimpandisha kwenye mizani. Sabini na nane na nusu. Akaenda chumba cha pili akaleta mizani nyingine, akapanda mwenyewe, ikasoma uzito wake sahihi. Akampandisha mzazi. Sabini na nane na nusu. Aliwatoa wazazi wengine nje, akafunga mlango, na ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani.

"Shuka, mama," alisema.

Mzazi akashuka, akasimama pembeni amemkumbatia mtoto wake, na Sista akaitazama ile mizani akisubiri irudi sifuri kama inavyorudi kila siku, lakini haikurudi, ilibaki kwenye kilo ishirini na moja, imetulia, hakuna kitu juu yake, sahani ya chuma tupu inang'aa, na kwenye chuma kile ukungu ukaanza kutokea wa nyayo mbili nyembamba, vidole vimeelekea kwa mzazi, halafu sahani ikalia kidogo kama inavyolia mtu anaposhuka, namba zikaenda sifuri, na mabega ya mzazi yakashuka chini yote mawili kwa pamoja.

Sista akamsogelea mzazi. Alinong'ona kumuuliza nyumbani anaishi na nani. Mzazi alijibu kwamba anaishi na mumewe.

"Na nani mwingine?"

"Asubuhi akinipima," mzazi alisema polepole, "kuna mtu nyuma yangu, Sista. Anavuta tumbo langu kwa ndani."

Sista hakwenda kwa daktari. Alimpigia simu shangazi yake, mama mmoja aliyekuwa anauza mitungi ya gesi na kutoa majini, kazi zote mbili za kunyanyua vizito kama alivyopenda kusema. Mchana uleule walikuwa nyumbani kwa fundi, madirisha wazi. Fundi aliitwa kutoka dukani, akaja amekasirika, pini zimepangwa kifuani na futi shingoni.

Shangazi alimkalisha mzazi mkekani, akasoma dua sikioni mwake, akasoma tena. Pale pale chumba kikajaa ile harufu ya njaa. Mtoto alilia mikononi mwa Sista. Sauti iliyotoka kinywani mwa mzazi ilikuwa laini, ya kike, ya mtu anayejua kwamba anapendeza.

"Mbona mnanifukuza? Nimeitwa."

Shangazi akauliza ameitwa na nani.

"Na mwenye nyumba. Asubuhi arobaini. Sikuja kwa huyu, huyu nimempanda tu. Namla mpaka kiuno chake kinitoshe, akiisha nakaa mimi mahali pake."

Fundi akakaa chini. Shangazi akamgeukia, na hakuwa na upole wowote. Alimwambia kwamba ni yeye aliyekiita, basi ni yeye wa kukikana. Amtazame mkewe usoni, aseme kwamba mke wangu ni huyu, kama alivyo, simtaki mwingine. Aseme mara moja, kwa moyo. Sentensi moja tu! Mkewe anakufa mbele yake, mtoto wake hana maziwa.

Fundi akafungua mdomo. "Mke wangu ni huyu," alisema, "kama alivyo." Na macho yake, hakuyaambia, hakuyazuia, yakateremka tumboni kwa mkewe. "Ila akipungua kidogo..."

Kile kitu kikacheka. Kilicheka kwa raha mpaka pini zikatikisika kifuani kwa fundi. Shangazi akafunga mkoba wake.

Basi mzazi akainuka. Jinsi alivyoinuka, na mzigo ule mgongoni, hata shangazi hakujua. Alimpokea mtoto wake, akamtazama mumewe, na sauti ikawa yake mwenyewe, inakwaruza kwa hasira.

"Mwili huu umekuletea mtoto. Wewe ukaita mwingine. Sasa kaa naye."

Akatoka. Alipovuka kizingiti miguu ilimponyoka mbele kama mtu aliyetua ndoo kubwa ya maji, nusura aanguke, Sista akamdaka. Nyuma yao, ndani ya nyumba, kiti kikalia. Fundi alikuwa bado amekaa chini.

Mzazi alienda kwa dada yake. Alikula na kulala, akala na kulala, na siku ya tatu maziwa yakaloanisha blauzi, akalia kwa furaha. Siku ya tano, mchana, mtoto ananyonya, simu ikaita. Alikuwa mumewe, ananong'ona, na maji ya bomba yanamwagika nyuma yake kama mtu aliyejifungia bafuni.

"Yupo. Amekaa sebuleni. Hali chochote nikimpa, ananiangalia mimi tu. Suruali zangu zote zinanivuka. Rudi, nakuomba. Rudi hivyohivyo ulivyo."

Mzazi alimfuta mtoto maziwa kidevuni.

"Mzuri?" aliuliza.

Maji yalimwagika muda mrefu.

"Mzuri," fundi alisema.

Mzazi akakata simu, akamhamishia mtoto ziwa la pili.