Cherehani na Mashine Isiyo na Kengele

Kila asubuhi, mwalimu hajaingia bado, chumba cha wanafunzi wasioona kilikuwa na kelele kama karakana. Ka-ka-ka, ting! Ka-ka-ka, ting! Zilikuwa mashine za kuandikia nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, zile nzito za chuma, zenye kengele inayolia mstari unapokaribia kuisha. Ukiisikia tu, unashuka na kuanza mstari mpya. Aliyeongoza kwa kelele alikuwa msichana wa darasa la sita ambaye wenzake walimwita Cherehani. Vidole vyake havikuwa na breki, na mwenyewe alilijua hilo vizuri mno.

Jirani yake wa dawati alikuwa Pamba, rafiki yake tangu darasa la kwanza, aliyeitwa hivyo kwa sauti yake laini. Mkono wa kushoto wa Pamba haukuwa na nguvu, hivyo aliandika polepole, akipumzika kila baada ya sentensi. Basi fikiria Cherehani alivyojisikia siku shule ilipopata kompyuta ndogo ya nukta nundu, moja tu, na Mwalimu akaiweka mbele ya Pamba!

"Vitufe vyake ni vyepesi, vitamfaa," Mwalimu alisema. "Ijumaa mwalimu mkuu anataka kusikia insha iliyochapwa kutoka humu. Ikifaulu, Pamba ataitumia kwenye mtihani. Isipofaulu, tutamjaribu mwingine."

Mwingine! Cherehani alijua fika huyo mwingine ni nani. Wivu ukamwingia. Jioni alipomlalamikia mama yake kwamba Mwalimu ana upendeleo, mama alimjibu, "Kula kwanza, mwanangu, ununue ugomvi baadaye." Cherehani akaisukuma sahani.

Jumatano wakati wa mapumziko, wenzake wote walitoka. Kompyuta ilikuwa mezani. Naigusa tu, Cherehani alijiambia. Chini ya vidole vyake vikanyanyuka vinukta vidogo: ilikuwa insha ya Pamba kuhusu bibi yake, na tayari ilikuwa imekamilika. Tena ilikuwa nzuri! Hapo ndipo moyo ulipomchoma kabisa. Mwalimu alikuwa amewafundisha wote namna ya kuhamisha faili, naye akabonyeza. Mashine ikataka jina la folda mpya. Vidole vilivyozoea kuanza kila karatasi kwa jina lake vikaandika jina hilo hilo, faili likaenda zake. Aliposikia miguu mlangoni, aliisukuma mashine haraka mahali pake.

Alhamisi Pamba alitafuta insha yake asubuhi nzima. Aliingia folda hii, akatoka, akaingia ile. Karatasi unaweza kuipapasa yote kwa mkupuo, lakini mashine ile ilinyanyua mstari mmoja tu kwa wakati. Ukipotea humo, umepotea kweli.

"Labda nimeifuta mwenyewe," Pamba alisema huku akilia. "Mimi na mashine hizi, basi tena."

Mwalimu alisubiri hadi mchana. Kisha akashusha pumzi. "Haya, Cherehani, ijaribu wewe."

Cherehani alipata alichokitamani. Mbona basi hakikuwa kitamu? Wazo lake la kwanza lilikuwa kuiondoa ile folda yenye jina lake. Akapanda juu, akashuka chini, akaingia ndani, akatoka nje. Haipo! Kwa haraka zake aliitengeneza ndani ya folda nyingine, na sasa hakujua ni ipi.

"Umekwama?" Pamba aliuliza, sauti bado nzito kwa kilio. "Mwalimu amekumbuka sasa hivi, akanieleza kuna njia ya kutafuta. Unaandika neno moja unalolikumbuka, mashine inapekua kila mahali. Niliona aibu tu kukuomba mashine. Hebu nijaribu na 'bibi'."

Alikuwa ameshaandika herufi mbili Cherehani alipomshika mkono. "Subiri!"

Angeweza kusema mashine imezima. Angeweza kusema lolote. Lakini Pamba alikuwa amekuja kumsaidia yeye, yeye aliyemliza.

"Haikupotea," akasema. "Niliificha mimi. Utaikuta kwenye folda yenye jina langu. Nilikuonea wivu, Pamba. Wivu mbaya."

Pamba akauvuta mkono wake. "Nimelia tangu asubuhi," akasema taratibu, "na wewe ulikuwa umekaa hapa hapa, pembeni yangu."

Cherehani aliinuka akaenda mwenyewe kumweleza Mwalimu.

Insha ilipatikana, ikachapwa. Lakini Mwalimu alipoitazama karatasi, akaguna. "Hii mbona imekatikakatika? Kila mstari unaishia katikati ya ukurasa."

"Inakatika wapi, Mwalimu?" Cherehani aliuliza. Mwalimu akasoma mistari mitatu kwa sauti. Cherehani akapiga paja. "Pamba! Ulikuwa unashuka pale ambapo kengele ingelia!"

"Kwani si ndivyo?"

"Humu hakuna kengele. Inashuka yenyewe. Wewe unashuka aya ikiisha tu."

Walirekebisha mstari kwa mstari, Cherehani akionyesha, Pamba akibonyeza. Waliongea ya kazi tu. Ijumaa mwalimu mkuu alisikiliza insha yote bila kukohoa, akaomba nakala yake. Kompyuta ikabaki kwa Pamba.

Mwalimu alimwita Cherehani pembeni. "Utafagia chumba hiki wiki nzima, na hilo halina mjadala. Lakini nisikilize. Kuona wivu si kosa. Hata mimi huona. Ungekuja ukaniambia imekuuma, tungezungumza. Kosa ni kuuficha mpaka ukamuumiza mwenzako. Jana ulisema ukweli ungali na nafasi ya kudanganya, na hilo nimeliona. Uaminifu huanzia hapo. Urafiki utachukua muda zaidi, usimharakishe Pamba."

Pamba alikuwa amehamia dawati la nyuma. Siku zikapita, Cherehani akifagia na kuandika kimya kimya, hata kengele yake ikawa inalia kwa aibu. Kisha asubuhi moja akasikia kiti kikiburutwa mpaka ubavuni pake.

"Sogea," alisema Pamba. "Na andika kwa kelele zako. Kule nyuma kumepoa mno."